Walimu wa fizikia wa Likasi, mukutane!

Wandugu, vijana wenzetu wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru,

Wengi wetu tulisoma umeme kwa chaki. Mwalimu anachora duara ku tablo, anaandika herufi A ndani, anasema: hii njo amperemetre. Siye tunakopia mu kaye. Mu Exetat wanatuuliza juu ya ile A, tunajibu, asilimia inatoka, tunajimwangia poda ku kichwa, tunafurahi. Lakini amperemetre yenyewe wengi wetu hatujaigusa hata siku moja, hata siye wenye tulimaliza chuo kikuu. Leo tuko ku nyumba, diploma iko mu sashe, na siku kampuni inatafuta mtu wa kupima umeme wanauliza: ulishafanya na mikono yako? Pale tunanyamaza.

Hatuandike hii ili kuwachafua walimu. Mwalimu ataonyesha nini kama shule haimupatie hata waya? Tulipita mu shule moja kwenye labo ilikuwa na kufuli, na funguo ilikaa kwa prefe. Ndani mulikuwa mizani ya zamani na vyombo vingine vimejaa vumbi. Waliogopa tutaviharibu, basi vikaharibika vyenyewe. Mu shule ingine, mwalimu alijua sana kufanya majaribio, lakini alikuwa na chaki tu. Kutoka ile shule mpaka hii, ni mwendo wa dakika makumi mbili kwa miguu. Chombo kiko huku, ujuzi uko kule, na hakuna mtu mwenye kuvuka barabara.

Njo maana tunaomba kitu kimoja: walimu wote wa fizikia wa mji wetu, shule za Leta, za dini na za watu binafsi, wakutane mara moja kwa mwezi, Jumamosi kisha masomo. Kila mmoja anakuja na jaribio moja, analifanya mbele ya wenzake kwa dakika kumi, wenzake wanalirudilia kwa mikono yao. Vyombo vya kila shule vinaandikwa mu kaye moja, na vinaazimwa kama vile watu wanaazimana vitabu. Basi. Hii haiombi kungojea Kinshasa.

Haiko kitu kipya. Walimu wa fizikia wa Marekani waliunda chama chao mu mwaka 1930. Ule mwaka wenyewe, huku kwetu, Mwadingusha ilianza kutoa umeme ku mto Lufira kwa ajili ya viwanda vya shaba. Karibu miaka mia moja tunaishi chini ya zile waya, lakini mtoto wa Likasi anamaliza section Math-Physique bila kuona sumaku ikizunguka ndani ya waya na kuwasha taa ndogo.

Watu watasema: vyombo hakuna. Tuhesabu pamoja.

Jaribio la kwanza: maji. Kaye yetu inasema maji inachemka ku digri 100. Ni kweli, lakini kandokando ya bahari. Likasi iko juu, karibu metre 1,300. Weka termometre mu sufuria yenye inachemka hapa kwetu, utaona karibu 96. Mwanafunzi mwenye ameona ile 96 kwa macho yake hatasahau presha ya hewa ni nini. Na atajua kama kitabu kinaweza kusema kweli ya mahali pengine, na yeye ana haki ya kupima ya kwake. Chombo chenye kinahitajiwa: termometre moja.

Jaribio la pili: jiwe na kamba ya metre 1. Lisukume kidogo, liende na lirudi mara kumi, pima na telefone. Utapata karibu segonde 20. Kutoka pale unahesabu nguvu ya uvutano wa dunia. Bei yake: zero.

La tatu njo letu kabisa. Vipande viwili vya shaba vinawekwa mu maji yenye sulfati ya shaba, unapitisha umeme wa batri. Shaba inatoka ku kipande kimoja, inaenda kushika ku kingine. Ampere 1 ikipita saa 1, inashika karibu gramu 1.2. Ni kazi ya namna ile njo inafanywa Shituru tangu wakati wa wabeleji, na baba zetu na ba nkambo wetu waliifanya wakazeeka nayo. Kwa hili inafaa mizani nzuri, amperemetre, na mtu mwenye kujua kutunza ile sulfati juu ni sumu. Shule moja iko na mizani, ya pili iko na amperemetre, ya tatu iko na mwalimu. Kila moja peke yake haiwezi. Zote tatu pamoja, zinaweza wiki ijayo.

Kuna na sababu ya uzito zaidi. Uranium ya bomu lenye liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, sehemu yake kubwa ilitoka Shinkolobwe, hapa karibu yetu. Kinshasa ilipata reakta ya kwanza ya Afrika mu 1959. Mgodi wenyewe ulifungwa kwa amri ya Leta mu 2004. Lakini mawe inaendelea kutembea mu mikono ya watu, na mionzi haina harufu, haina rangi. Mji kama huu haupaswi kukosa walimu wenye kujua kuipima na chombo cha kuipimia. Na tunasema wazi: mtu asilete mawe ya Shinkolobwe darasani ili kuonyesha watoto. Alete kipimo.

Sasa feza. Tunajua mwalimu anaishi namna gani: mshahara unachelewa, prime ya wazazi haitoshi. Hatuwezi kumwambia atoke Panda mpaka Kikula kila mwezi na mfuko wake. Lakini kodi ya madini iko. Sheria ya madini yenye ilibadilishwa mu 2018 inasema 15% ya redevansi inaenda kwa mji ao komine ao sekta yenye madini inachimbwa ndani, na kampuni inapaswa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Kwa hiyo tunaomba:

– Meya na ma burgumestri wabandike ku mlango wa ofisi zao ni kiasi gani kimeingia kila mwaka, na kimefanya nini.

– Kidogo kati ya ile feza kitoe transport ya walimu na sanduku moja la vyombo la mji mzima, si la shule moja.

– Ma prefe wafungue ma labo. Chombo chenye kimefungiwa hakifundishi mtu.

Na siye? Tusiseme tu. Wenye walisoma umeme, elektroniki ao fizikia na hawana kazi, tuko wengi. Tukusanye waya za shaba mu ma mota za zamani, tusuke bobine, tutengeneze vyombo vyenye vimekufa, tuandike ile kaye ya vyombo. Mwalimu wako wa zamani bado uko naye mu telefone? Mwite leo, muulize: mwalimu, shule yako iko na nini, na inakosa nini?

Pale njo tunaanzia.