Lango Moja, Makipa Watatu

Katika Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, makipa ndio hutangulia kutoka kupasha misuli. Jukwaa bado lina nafasi, wauza maji na karanga ndio kwanza wanazunguka, na upepo wa kiangazi unasukuma vumbi hadi ndani ya eneo la hatari. Wanatoka watatu na kocha wao. Wanadaka kwa zamu: mashuti ya chini, krosi, mipira ya kudunda. Aliye jukwaani hupata shida kuwatofautisha, maana wote wanajirusha vilevile na wote wanainuka na vumbi lilelile magotini. Baada ya muda mfupi mmoja anarudi kusimama langoni. Wawili wanavaa makoti na kwenda benchi, na mara nyingi benchi hilo ndilo makazi yao ya msimu mzima.

Makala haya yanawahusu hao wawili.

Namba nyingine uwanjani zina mlango wa pembeni. Beki wa kulia anaweza kuhamishiwa kushoto. Kiungo anaweza kusogezwa mbele, mshambuliaji akaingia dakika ya 70 na kufunga. Siku hizi kocha anaruhusiwa kubadili wachezaji watano katika mechi moja, lakini kipa hamgusi mpaka aumie au aonyeshwe kadi nyekundu. Ligi Kuu Tanzania Bara ina timu 16 na kila timu hucheza mechi 30. Kipa namba moja mwenye afya njema anaweza kumaliza msimu na dakika 2,700. Namba mbili anaweza kumaliza bila hata moja, ingawa amefanya mazoezi sawa na mwenzake, amesafiri katika basi moja naye na amelala katika hoteli zilezile.

Wamarekani wanalijua jambo hili vizuri kupitia mpira wao wa kubeba mikononi. Kule kuna mchezaji anayeitwa kwotabeki: ndiye anayepokea mpira kila shambulio linapoanza, na ndiye anayeamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Uwanjani yuko mmoja tu, na katika timu za vyuo vikuu vijana kadhaa hugombea namba hiyo mwaka mzima huku nchi ikiwatazama. Januari 8, 2018, katika fainali ya taifa, Chuo Kikuu cha Alabama kilikwenda mapumziko kikiwa nyuma 13-0 dhidi ya Georgia. Kocha Nick Saban akamtoa Jalen Hurts, namba moja wake wa misimu miwili, akamwingiza Tua Tagovailoa, kijana wa mwaka wa kwanza. Alabama ikashinda 26-23 katika muda wa nyongeza. Msimu uliofuata Hurts akawa mtu wa benchi.

Watu wengi huishia hapo wanaposimulia kisa hicho, ilhali utamu wake uko mbele. Msimu ule wa benchi Hurts hakuachwa akae tu. Saban alikuwa akimwingiza mara kwa mara mechi zikishaamuliwa, akacheza na kupigwa kumbo kama wengine. Desemba 2018, katika fainali ya ligi yao, tena dhidi ya Georgia, Tagovailoa akaumia wakiwa nyuma. Hurts akaingia, Alabama ikageuza matokeo na kushinda 35-28. Mwaka uliofuata akahamia Oklahoma ili acheze. Februari 2025 alikuwa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa na Philadelphia Eagles. Alipoitwa kwa dharura, mwili wake ulikuwa haujasahau mechi.

Tanzania nayo ina kisa chake, na kina uchungu zaidi kwa sababu kinahusu klabu inayopendwa na mamilioni. Beno Kakolanya alitoka Yanga kwenda Simba mwaka 2019. Huko akamkuta Aishi Manula, kipa wa timu ya taifa. Kwa misimu minne Kakolanya alikuwa namba mbili. Hakuna aliyesema hajui kudaka; tatizo lilikuwa kwamba lango ni moja na mwenye nalo alikuwa Manula. Mwaka 2023 akaondoka kwenda Singida, kule nyanda za kati, akatafute mechi.

Aprili mwaka huohuo Manula aliumia. Ghafla jina likawa la Ally Salim, kijana aliyekuwa wa tatu katika foleni. Aprili 16, 2023 alisimama langoni dhidi ya Yanga na Simba ikashinda 2-0. Siku sita baadaye Simba iliifunga Wydad Casablanca 1-0 katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kabla ya kutolewa kwa penalti huko Morocco. Agosti 13, katika Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, fainali ya Ngao ya Jamii iliisha bila bao. Salim akapangua penalti za Yanga na Simba ikatwaa ngao kwa 3-1.

Kisha ikaja Novemba 5, 2023. Manula, aliyekuwa nje kwa miezi mingi, alipangwa langoni katika mechi ya watani. Yanga ikashinda 5-1. Siku mbili baadaye kocha Robertinho hakuwa na kazi tena. Mabao matano hayasababishwi na kipa mmoja. Siku ile safu nzima ya ulinzi ilivuja, na Manula ni kipa aliyeitumikia nchi kwa heshima. Hata hivyo uamuzi wenyewe unastahili kujadiliwa. Mtu aliyetoka kuuguza jeraha, hata awe hodari kiasi gani, hurudishwa kwa mechi ndogo kwanza. Na kijana aliyebeba lango tangu Aprili hujifunza nini anapowekwa kando siku ambayo mji mzima unatazama?

Baada ya hapo Ayoub Lakred kutoka Morocco akachukua namba na akaifanyia kazi vizuri, mpaka alipoumia katika maandalizi ya msimu nchini Misri Julai 2024. Simba ikamsajili Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Hesabu ni nyepesi: kutoka Aprili 2023 hadi Agosti 2024, miezi 16, klabu moja ilikuwa imewapa namba moja Manula, Salim, Lakred na Camara. Camara aliifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025, kwa hiyo hakuna wa kulaumu usajili wake. Manula na Salim nao walikuwa bado kwenye kikosi msimu ule, wakimtazama.

Kila yanapozungumzwa haya, wapo wanaodai suluhisho ni kuzuia makipa wa kigeni. Misri inafanya hivyo. Ukiangalia Yanga na Djigui Diarra wa Mali, aliyekuja 2021, au Azam FC iliyomsajili Mohamed Mustafa wa Sudan, hoja hiyo inaonekana ina mashiko. Lakini haigusi kidonda. Kakolanya hakuzuiwa na mgeni. Alizuiwa na Mtanzania mwenzake. Fukuza wageni wote leo, na kesho kila klabu itakuwa na Mtanzania mmoja anayecheza mechi 30 na wawili wanaosugua benchi. Kinachomjenga kipa ni mechi. Mazoezi yanampa mikono, ila hayampi ule uamuzi wa nusu sekunde wa kutoka au kubaki krosi inapopigwa, mabeki wanagombana na jukwaa linapiga kelele.

Ushahidi upo. Juma Kaseja, shujaa wa penalti zilizoing'oa Zamalek jijini Cairo mwaka 2003 ikiwa bingwa mtetezi wa Afrika, alikaa muda mrefu nje ya Taifa Stars wakati wa kocha Mbrazili Marcio Maximo, huku nchi ikibishana vijiweni kama ni haki. Miaka ilipita. Mwaka 2019 alikuwa KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, mbali na makelele ya Simba na Yanga za Kariakoo, lakini akicheza. Stars ikamwita akiwa na miaka 34. Septemba 8, 2019 alisimama langoni dhidi ya Burundi katika mchujo wa Kombe la Dunia; Tanzania ikashinda kwa penalti 3-0, na hakuna Mrundi hata mmoja aliyefunga yake. Yakoub Suleiman naye alijijenga JKT Tanzania kabla ya kuaminiwa na Stars katika CHAN ya Agosti 2025, na hapo ndipo Simba ikamchukua. Wote wawili lango la taifa walilifikia wakitokea klabu ndogo zilizowapa mechi wiki baada ya wiki.

Hapa ndipo Dodoma inapoingia. Dodoma Jiji FC, Walima Zabibu, ni timu ya Halmashauri ya Jiji, kama KMC ilivyo ya Kinondoni. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21 na imebaki. Haina fedha za kushindana na Simba, Yanga au Azam sokoni, na haitakuwa nazo karibuni. Ina kitu kingine ambacho klabu hizo tatu hazina: lango lenye nafasi. Mwalimu wa Jamhuri anaweza kumwambia kijana wa miaka 21 kwamba akishinda kwenye mazoezi atacheza, na akikosea Jumapili atacheza tena Jumatano. Mwalimu wa Kariakoo hawezi kutoa ahadi hiyo akalala usingizi.

Ombi kwa uongozi wa Jiji, basi, ni kuifanya nafasi hiyo kuwa sera. Wakimchukua kipa kwa mkopo kutoka klabu kubwa, mkataba utaje idadi ya mechi, na akiwekwa nje bila jeraha wala adhabu arudi kwao dirisha dogo. Namba moja atangazwe mapema na abaki namba moja. Kumbadilisha kipa kila akikosea ni kuwachanganya mabeki, ambao hucheza kwa kusikia sauti moja nyuma yao. Namba mbili apewe raundi za mwanzo za Kombe la Shirikisho la TFF, si kwa huruma bali kwa ratiba inayojulikana tangu Agosti.

Na namba tatu? Huyu ndiye anayesahaulika zaidi, na kwake Dodoma ina utajiri ambao miji michache inao. Chuo Kikuu cha Dodoma kimekaa vilimani tangu 2007. Kuna St John's palipokuwa Mazengo Sekondari, kuna Chuo cha Mipango, kuna CBE, kuna chuo cha Hombolo. Maelfu ya vijana, timu kila chuo, viwanja. Wiki isiyo na mechi ya ligi, kikosi cha akiba cha Dodoma Jiji kingeweza kucheza na chuo kimoja Jumatano alasiri, kwa mwamuzi wa chama cha soka cha mkoa, DOREFA, na dakika 90 kamili. Kipa wa tatu angepata mechi 20 kwa mwaka. Na kipa wa chuo aliye upande wa pili, anayesoma ualimu au takwimu na kudaka jioni, angeonwa na kocha wa Ligi Kuu bila kuomba nauli ya kwenda kwenye majaribio Dar es Salaam. Vipaji si hadithi: wasichana wa shule ya Fountain Gate ya hapahapa Dodoma walikwenda Durban Aprili 2023 wakarudi mabingwa wa shule za Afrika.

Makocha watajibu kwamba kazi yao hupimwa kwa mechi tatu, na mechi za Jumatano haziwaongezei pointi. Ni kweli, na ndiyo maana jambo hili lisiachwe mikononi mwao peke yao. Ni la mwenye timu, ambaye Dodoma ni Jiji lenyewe.

Anayedhani kipa wa tatu ni wa kujaza orodha tu awakumbuke ndugu zetu wa Comoro. Januari 24, 2022, katika hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika, walikabiliana na wenyeji Cameroon bila kipa hata mmoja: mmoja alikuwa ameumia, wengine walikuwa wamezuiwa na korona. Beki Chaker Alhadhur akavaa jezi ya kipa iliyobandikwa namba yake, 3, kwa utepe. Dakika ya saba nahodha wao akatolewa kwa kadi nyekundu. Wakafungwa 2-1 tu, na Alhadhur akaokoa mipira ambayo makipa wa kazi wangejivunia. Mmoja wa makipa waliokosekana siku ile, Ali Ahamada, alikuja kudakia Azam miezi michache baadaye.

Siku hizi treni ya SGR, iliyoanza safari zake za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, imeifanya njia ambayo zamani ilikula siku nzima kuwa ya saa chache. Kipa kijana anayekaa benchi Dar anaweza kupanda asubuhi na kufika kwenye mazoezi ya jioni Jamhuri. Kinachotakiwa ni Jiji kumwandikia mkataba wenye idadi ya mechi ndani yake, na klabu yake kukubali kuusaini kabla dirisha halijafungwa.