Kufagia Uwanja Hakupunguzi Taka

Mechi ikiisha katika uwanja wa Kamukunji kule Kibera au wa Riruta kule Kawangware, hufuata picha ya kujivunia: vijana wamevaa glavu, magunia mkononi, wanaokota chupa. Viongozi wa wanafunzi wa vyuo, ambao huja katika mitaa hiyo ya mabanda ya Nairobi kwa siku za michezo na za kutoa misaada, huisambaza kwa fahari. Uwanja umeachwa safi, wajibu umekwisha. Ndivyo wengi wanavyoamini, na wanaolipia imani hiyo ni wakazi.

Taka iliyookotwa haijapungua hata gramu moja. Imehamishwa tu.

Gunia lenye chupa, mabaki ya wali na vibakuli vya povu huachwa kando ya barabara, kwa sababu lori haliwezi kupenya vichochoro vya Gatwekera wala Laini Saba huko Kibera. Mbwa na mbuzi hulirarua. Mvua ikinyesha, vilivyomo huingia mtaroni, vikateremka hadi Mto Ngong na kuishia Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 ili kuupa mji maji na ambalo baadaye lilisongwa na magugu maji. Gunia lenye bahati hufika Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Kibera inapong'aa kwa namna hiyo, watoto wa Dandora ndio wanaovuta moshi wa jaa.

Siku ya usafi nayo ina taka zake: tisheti mpya kwa kila mshiriki, bango la plastiki lenye tarehe ambalo halitatumika tena, na katoni za maji ya chupa kwa wanaookota chupa.

Hakuna sababu ya kudharau walioanzisha usafi wa michezoni. Mathare Youth Sports Association, iliyoanza 1987, iliweka kanuni ya ajabu: timu ikisafisha mtaa hupata alama sita kwenye ligi. Carolina for Kibera, iliyoanzishwa 2001 na Rye Barcott, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, pamoja na Salim Mohamed na muuguzi Tabitha Festo, nayo iliunganisha kandanda na usafi. Kanuni hizo zilionyesha kwamba alama za ligi zinaweza kubadili mwenendo wa vijana. Basi alama hizo sasa apewe anayemaliza mashindano bila gunia la kubeba.

Ushahidi kwamba taka hukatwa kwenye chanzo uko nyumbani. Kwa miaka mingi mifuko ya plastiki ilifagiliwa na bado ikaziba mitaro ya Nairobi. Ilipungua pale serikali ilipoipiga marufuku, 28 Agosti 2017. Chupa na vibakuli vya povu havikuguswa na amri ile, na ndivyo vinavyojaza viwanja leo. Hata London Marathon ya 2019, aliyoshinda Eliud Kipchoge, ilijaribu kupunguza chupa kwa kuwapa wakimbiaji kinywaji ndani ya vifuko vya mwani vinavyolika.

Kibera haihitaji mwani. Mitungi ya lita ishirini iko kila kona, na ukiufungia mmoja mfereji, timu nzima inakunywa. Vyama vya akina mama hukodisha sufuria, sahani na vikombe kwa harusi na matanga. Vyombo hivyo vinatosha kulisha wachezaji, na wanaopika na kuviosha wanalipwa.

Wapo watakaosema chupa ni riziki ya waokotaji. Ni kweli chupa huuzwa, lakini kwa kilo na kwa bei duni, na kibakuli cha povu chenye mchuzi hakina mnunuzi. Fedha za chuo zinazonunua vitu vya kutupwa zingeweza kwenda moja kwa moja kwa mama wa Kawangware anayepika chapati na maharagwe, akaondoka na ujira badala ya kuachiwa gunia mlangoni.

Kwa hiyo kazi ianzie ofisini, kabla ya basi kuwashwa. Mweka hazina wa wanafunzi afute kwenye bajeti maji ya chupa, vibakuli vya povu na mabango yenye tarehe, aandike mitungi, vyombo vya kukodi na malipo ya waoshaji. Dekani naye asitie sahihi safari yoyote ya Kibera au Kawangware ambayo bajeti yake haijaandikwa hivyo.