Umri Hauzamishi Mtu

Kuna imani iliyoota mizizi pwani na bara: kuogelea hufunzwa utotoni, na aliyefika miaka 50 bila kujua basi abaki ufukweni alinde viatu vya wajukuu. Akithubutu kuuliza kama bado anaweza, hujibiwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kana kwamba methali ya malezi ya watoto ndiyo kanuni ya viungo vya watu wazima. Imani hii ni ya kivivu, tena ina madhara, kwa sababu inachukua upungufu wa mafunzo na kuuita upungufu wa mwili.

Tuutazame huo mwili. Umri hupunguza kasi na nguvu za ghafla, na hizo ndizo zinazotakiwa kwenye mashindano ya bwawani ya mita 50. Bahari haina haja nazo. Inamtaka mtu avute pumzi taratibu, asishindane na wimbi, na ajue kungoja mkondo ugeuke. Subira hiyo kijana wa miaka 18 hana, na aghalabu haitaki. Waswahili tukisema maji yamefika shingoni tunalia balaa, lakini kwa magoti yaliyochakaa maji ya shingoni ni nafuu, maana hapo miguu hubeba takriban sehemu moja tu ya kumi ya uzito. Maji ya chumvi nayo huinua mwili kuliko ya ziwani, na yale mafuta ya tumboni ambayo daktari huyanunia, baharini husaidia mtu kuelea. Mwenye taabu ya kuelea ni yule kijana mkavu aliyejaa misuli.

Na mifano ipo. Mlango wa bahari kati ya Dover, Uingereza, na Calais, Ufaransa, una upana wa kilomita 33 hivi, na hata majira ya joto maji yake ni baridi ambayo mtu wa Tanga hawezi kuidhania. Mwaka 2014, daktari wa upasuaji wa moyo kutoka Afrika Kusini, Otto Thaning, aliuvuka kwa kuogelea akiwa na miaka 73. Mpinzani atasema huyo alikuwa mwogeleaji wa siku nyingi. Kweli, na hata wanawake wazamiaji wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, ambao wengi wamepita miaka 60 na bado huzama bila mtungi wa hewa kutafuta kombe, walianza wakiwa wasichana. Hao wanathibitisha kwamba mwili mkuukuu haukatai maji, basi. Kuhusu kuanza ukubwani, shahidi wangu ni Pat Gallant-Charette, muuguzi wa Marekani aliyeanza kuogelea masafa ya baharini akikaribia miaka 50, kwa kumkumbuka kaka yake aliyefariki. Mwaka 2017 alivuka mlango huohuo wa bahari akiwa na miaka 66.

Hakuna anayemtaka bibi yako aogelee kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Kipimo changu ni kidogo mno: aweze kulala chali juu ya maji bila hofu, na kujisogeza mita 50 hadi penye usalama. Hilo si anasa. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama mwaka 1994, na MV Nyerere ikapinduka mwaka 2018 ikiwa imekaribia gati la Ukara, Ziwa Victoria. Kila ajali iliua zaidi ya watu 200. Waliobanwa ndani ya chombo, kuogelea kusingewafaa, na lawama ya kujaza abiria kupita kiasi haiwezi kuwaangukia marehemu. Lakini wanaopanda vyombo kila siku kwenda sokoni ni watu wazima, na ndio hasa tunaowaambia kuwa wamechelewa.

Ipo hoja ya stara, na siidharau. Ila Nungwi, Unguja, imekwisha kujibiwa: mradi wa Panje uliwafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili mzima, wengine wakishikilia madumu matupu ili waelee.

Hoja yenye uzito kweli ni ya hatari. Presha na moyo haviondoki kwa sababu mtu ameamua kuwa jasiri. Mkondo wa maji yanayopwa humchukua yeyote. Na Ziwa Victoria lina kichocho na mamba. Lakini hatari hizo humkabili pia kijana, ambaye mara nyingi hajisumbui hata kuuliza. Mtu mzima huuliza. Basi ewe uliyeambiwa umechelewa, kapime presha kwanza, kisha tafuta mwalimu na mwenzako wa kuingia naye. Waulize wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, na siku za bamvua usiende. Anzia kwenye maji ya kiunoni, na kabla ya kufunzwa jambo jingine lolote, fundishwa kulala chali.