Rezo ya wote isikuwe ya mtu moja

Ndugu vijana wa Niania, wa barabara ya Wamba na wa barabara ya Mambasa,

Rezo yetu ni ya kugawana: antena moja ya satelite, watu wengi, kila mtu na tiketi yake ya saa moja. Saa mbili ya usiku mtu moja anafungua filamu, wengine wote tunabaki kutazama duara inazunguka. Mwenye kutuma dosye ya kuingia yunivasite anashindwa. Mwenye kuuliza kama kesho asubui barabara iko salama anashindwa pia, na huyo ndiye tunayemuogopea zaidi.

Wenye kuuza wanatujibu: «Ruta yetu inagawa sawasawa.» Tumeangalia. Hawasemi uongo, lakini si kweli. Kati yetu na ruta wameweka proksi, kompyuta inayochukua ukurasa mara moja, inauweka ghalani, na kumpatia yeyote anayeuomba nyuma yake. Akili nzuri, satelite ni bei kali. Ila sasa ruta haikuone wewe tena, inaona proksi peke yake. Kwake sisi wote tuko mtu moja. Itagawa na nani?

Kizuizi kiwekwe ndani ya proksi yenyewe. Squid, programu ya bure ya kazi hiyo, iko nacho tayari: kila adrese inapewa ndoo yake, ndoo inajaa polepole kwa kipimo kilichopangwa, ukiimaliza unangoja. Kile kilicho tayari ghalani hakitoki katika ndoo yako. Kinakuja mbio, juu hakikupita satelite. Basi kisihesabiwe katika mega zetu! Kukihesabu ni kuuza mega moja mara mbili. Kodi ya RAM raia waliikataa mpaka ikafutwa 2022. Hii ni ndogo, lakini inatoka katika mfuko ule ule.

Tusidanganyane pia: WhatsApp, TikTok na Facebook zinapita zimefungwa kwa ufunguo, proksi haiwezi kuziweka ghalani. Inaweza kuzipima tu. Njo maana tunasisitiza ndoo kuliko ghala.

Wenye kuuza rezo, mukuje tukae pamoja, mutuonyeshe namna proksi imepangwa. Vijana munaojua mashini hizi, mujitokeze. Na wewe wa filamu, ngojea saa sita ya usiku, wengine wakisha kulala.