UMBALI WA KWELI NI UPI?

Muhula huu katika somo la Jiografia tulipewa zoezi la kupima kwa rula umbali baina ya viwanja viwili vya ndege: Nduli, Iringa, na Songwe, Mbeya. Jibu ni kama kilometa 305 kwa mstari ulionyoka. Ndege yenye mwendo wa kilometa 500 kwa saa, pamoja na kupaa na kutua, yaweza kufika kwa dakika 45. Wenzangu walishangilia, wakasema, "Kumbe Mbeya ni hapo tu!"

Mimi sikushangilia, na sababu yangu ni hii.

Mwaka jana bibi yangu alifariki huko kwetu Tukuyu. Habari zilinifikia shuleni saa tatu asubuhi. Mwalimu wa zamu alinipa ruhusa upesi, na saa nne nilikuwa nje ya lango. Lakini kituoni nilingoja basi hata saa sita. Tukapita Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala, na Uyole nilifika saa kumi na mbili magharibi. Tukuyu niliingia saa moja na nusu usiku. Bibi alikuwa amezikwa saa kumi.

Basi nilipomaliza zoezi la mwalimu, nilifanya na langu. Kama ndege ingalikuwapo siku ile, ningaliwahi? Kutoka shuleni hadi Nduli na kungoja kukaguliwa, saa mbili. Angani, dakika 45. Kushuka na kutoka, robo saa. Tena Songwe iko magharibi ya mji wa Mbeya, na njia ya Tukuyu huanzia Uyole, upande wa mashariki. Kwa hiyo sharti nirudi nyuma, nipite mji mzima, ndipo nishuke Tukuyu. Hizo ni saa mbili na nusu. Jumla ni saa tano na nusu. Ningalifika saa tisa na nusu, nikatupa udongo wangu kaburini.

Kwa hiyo siwacheki wanaosifu ndege. Kiwanja cha Songwe, kilichoanza kazi mwaka 2012, ni faida kubwa kwa wagonjwa na wafanya biashara. Lakini tazameni: katika saa tano na nusu, safari ya angani ni dakika 45 tu. Na msafiri anayelazimika kupitia Dar es Salaam huruka zaidi ya kilometa 1,000 ili afike kwa jirani. Kadhalika katika safari yangu ya basi, saa mbili nzima zilipotea kituoni kabla gurudumu halijazunguka.

Maoni yangu ni kwamba umbali wa kweli hupimwa kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba, na sehemu yake kubwa ni kungoja. Wakubwa wakitaka kuzikaribisha Iringa na Mbeya, wasitazame mbio za chombo peke yake. Mabasi yawe na saa zinazojulikana hata mchana, na kila kiwanja cha ndege kiwe na gari la abiria la kuaminika.

Wazee husema haraka haraka haina baraka. Ni kweli, lakini kaburi halingoji. Wenzangu, mtakapokuwa wahandisi na marubani, kumbukeni kuzihesabu na zile saa ambazo rula haizioni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne