Toa Huo Mlimau Nje, Tafadhali

Watu wangu wa keja ndogo, leo naongea na ninyi. Wale mnanitumia picha za mlimau uliobaki vijiti, mnauliza niweke mbolea gani. Hakuna mbolea. Na kabla hatujafika mbali, ni nani aliwaambia mlimau ni mti wa sebuleni?

Mimi nilidanganywa kama ninyi. Nikiwa mwaka wa pili chuoni Nairobi, nilinunua mmoja kando ya barabara: chungu cheupe, majani yanang'aa, malimau mawili tayari. Muuzaji akasema, "Huu ni wa ndani, weka tu kwa meza." Dirisha la bedsita yangu lilitazama ukuta wa ploti jirani. Saa sita mchana ukitaka kusoma, unawasha taa. Mwezi haukuisha, malimau yakaanguka. Nikaongeza maji. Majani yakawa manjano, nikaongeza maji tena, nikatupia na mbolea.

Hapo ndipo wengi wetu tunaua. Jani la manjano tunalisoma kama kiu, kumbe mizizi inazama. Mizizi pia inapumua, na chungu changu hakikuwa na hata tundu moja chini. Udongo ulinuka kama mtaro. Mizizi ikishaoza hainyonyi kitu, kwa hivyo mti unakauka huku umesimama ndani ya maji. Kuuwekea mbolea wakati huo ni kama kumlisha ugali mtu anayetapika.

Mwaka jana nikaacha chuo (hiyo ni stori ya siku nyingine, na ndiyo, ni karo). Nikapanda basi la usiku kurudi Musanda, mti katikati ya miguu yangu. Majani saba. Mathe akautazama mti, akanitazama mimi, akasema, "Haya, nyote wawili mmekonda."

Nikaung'oa kwa chungu. Mizizi mingi ilikuwa ya kahawia, laini, ganda linavuka mkononi. Hiyo nikaikata kwa kisu nilichopitisha kwa maji moto, nikabakisha ile nyeupe na ngumu. Nikachukua ndoo ya rangi ya lita 20, nikaitoboa chini kwa msumari wa moto. Udongo wa shamba letu peke yake unashikana ukiwa kwa ndoo, nikauchanganya na mchanga wa mto na samadi iliyooza kabisa.

Chini ya lile kovu mti ulipograftiwa, palikuwa na chipukizi moja lenye miiba mirefu, lenye afya kuliko mti wote. Nilitaka kuliacha, angalau kuna kitu kinaishi! Kuka, ambaye amelima miwa maisha yake yote, akanizuia. Hilo linatoka kwa mti wa mizizi, si ule mlimau uliolipia, na linaiba chakula cha juu. Nikakata. Iliuma.

Usiurushe kwa jua kali siku hiyo hiyo, majani yaliyozoea giza yataungua. Wangu ulikaa wiki mbili chini ya mwembe, ukipata jua la asubuhi tu, halafu ndiyo nikautoa uwanjani. Maji? Ingiza kidole kwa udongo. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kati ya majani saba, matano yakaanguka na nikajiona mjinga mbele ya kijiji kizima. Wiki ya sita ndiyo nikaona kitu cha kijani, kidogo kama punje ya mchele.

Kuna mtu ataniambia Ulaya wanaiweka ndani. Sawa. Kule Versailles, Ufaransa, mfalme Louis XIV alijengewa jumba zima la michungwa. Lakini miti inaingizwa humo kwa sababu ya baridi, na majira ya joto yakifika inatolewa nje. Sisi tuko hapa karibu na ikweta, jua saa 12 mwaka mzima, na tumeiga ile nusu ya kufungia mti nyuma ya pazia. Hatuna hata theluji ya kusingizia.

Najua, uko ghorofa ya nne na huna uwanja. Una roshani inayopata jua nusu siku? Inatosha kuanzia. Paa mnapoanika nguo? Omba mwenye ploti. Kama huna hata hilo, mpe mtu mwenye uwanja na ununue mmea unaopenda kivuli, hakuna aibu. Lakini kwanza kwaruza gome kwa ukucha. Kijani ndani, bado uko hai. Kukiwa na kahawia kavu mpaka chini kabisa, hiyo ni kuni, pole.

Wangu una majani mengi sasa, nimeacha kuhesabu. Malimau bado. Mathe ameanza kuanika kitambaa cha vyombo juu yake. Nimemwomba aache, amekataa.