Mvua ya Usambara, gharika ya Vanga

MKAZI wa Vanga aweza kufikiwa na mafuriko siku ambayo mjini mwake halikuanguka tone moja la mvua. Mto Umba, unaoingia Bahari ya Hindi karibu na mji huo ulio kusini mwa Kaunti ya Kwale, chimbuko lake ni milima ya Usambara nchini Tanzania. Mvua ikinyesha huko kwa siku kadhaa, udongo hushiba, na maji yanayozidi huteremka hadi tambarare za mpakani. Yakikutana na bamvua, bahari huyazuia nayo hutapakaa mashambani na majumbani.

Ndiposa utabiri wa Diani au Msambweni haumtoshi mkulima wa Kiwegu. Anachohitaji kujua ni hali ya miteremko asiyoiona.

Funzo hilo linafahamika kwingineko. Katika milima ya Alps barani Ulaya, majira ya baridi, wasafiri hutangaziwa kiwango cha hatari ya maporomoko ya theluji kwa kipimo cha ngazi 5 kilichokubaliwa mwaka 1993. Wataalamu hawapimi wingi wa theluji mpya pekee. Huchunguza pia iwapo imeshikamana na tabaka zilizo chini yake.

Kenya haina theluji ya kuhofiwa hivyo, lakini ina miteremko inayolowa ikakatika. Ndivyo ilivyokuwa Pokot Magharibi Novemba 2019, na Chesongoch, Elgeyo Marakwet, usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025. Katika mikasa yote miwili, watu walifukiwa usiku na udongo uliokuwa juu yao.

Kwamba onyo lawezekana, Pwani inajua. Kabla ya Kimbunga Hidaya kufika Mafia, Tanzania, Mei 2024, wavuvi wa Kenya walikuwa wamekwisha kuonywa wasiingie baharini.

Tatizo la Umba ni mpaka. Katiba ya 2010 inazipa kaunti jukumu la kukabiliana na majanga, ilhali mashauriano na nchi jirani, pamoja na maji yanayovuka mipaka, ni ya serikali kuu. Kwale hupokea maji pasipo mamlaka ya kushauriana na yanakotoka.

Kipimo cha kina cha mto upande wa juu, na simu kwa chifu wa Vanga kila kinapopanda, si mradi wa mabilioni. Mto huchukua muda kuteremka kutoka Usambara. Muda huo watosha kuhamisha watoto, mbuzi na mbegu, mradi habari itangulie maji.